Tangi la Verna Tollefson

Sajini Berit Kolstad alipofika kwenye tangi, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, na ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye tope wakimkodolea macho kana kwamba yeye ndiye aliyelitoboa.

"Usiwajali," alisema Verna Tollefson. "Wana kiu na wana hasira. Kama mwenye ng'ombe."

Verna alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, aliyeiendesha ranchi yake mwenyewe tangu alipofiwa na mumewe, na katika bonde zima la Sawbuck hapakuwa na mtu aliyewahi kumshinda kwa ubishi. Alikuwa ameegemea gari lake la mizigo, mikono kifuani, akingoja serikali ifanye kazi.

"Kule chini, uwanja wa shabaha, nimeshapiga honi, wanabishana tu. Mimi nasema ni wale vijana wa barabarani," alisema. "Wanapita na magari yao wakipiga risasi vibao vya njia. Nimewaambia wazazi wao mpaka ulimi umeota sugu."

"Inawezekana." Berit alivua koti, akalitundika kwenye uzio. "Una ufito wa kusafishia bunduki?"

"Leo? Nani hana?"

Kweli, siku hiyo nani hakuwa nao. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya msimu wa elki, yule ayala mkubwa wa milimani ambaye mmoja tu hulisha nyumba mpaka theluji iyeyuke. Ijumaa hiyo Montana nzima huwa na homa moja. Daktari wa meno alikuwa amefunga kliniki, karani wa posta alikuwa anaumwa ugonjwa usiojulikana, na tangu asubuhi bonde zima lilikuwa kwenye uwanja wa shabaha wa klabu, chini ya kilima cha Verna, likisawazisha bunduki. Maana bunduki iliyolala kabatini mwaka mzima, au iliyotoka dukani juzi, haiaminiki mpaka ipigwe kwenye karatasi. Anayeiamini kabla ya hapo humjeruhi mnyama na kujiaibisha mbele ya wakwe.

Berit aliingia ndani ya tangi kwa buti zake. Ukuta wa chuma ulikuwa na tundu moja upande wa bondeni, na upande wa pili mbonyeo pale risasi ilipogonga ikashindwa kutoka. Risasi yenyewe aliiokota chini, imepondeka, haina sura. Maabara mjini ingeweza kuisoma, lakini majibu yangerudi theluji ikiwa magotini. Akaitia mfukoni, akapenyeza ufito kwenye tundu mpaka ncha yake ikagusa mbonyeo, kisha akachuchumaa na kufumba jicho moja.

Nukta mbili zina mstari mmoja tu, na mstari huo haukujali barabara wala vijana wake. Ulishuka kilimani, ukapita juu ya tuta la udongo linalozuia risasi za klabu, pale pale ambapo maji ya theluji yalikuwa yamelila tuta mwaka ule na kuacha pengo. Mbele ya pengo, kwenye mstari ule ule, kilisimama kiunzi cha kubandikia shabaha chenye namba tano kwa rangi nyeupe.

"Vijana wa barabarani wamepona," alisema Berit, akitoka.

"Basi nani amekwisha?"

"Subiri kwanza."

"Mimi si mtu wa kusubiri, Sajini. Wote hawa wa klabu kesho wanataka kupita kwenye geti langu kwenda kwenye mgongo wa mlima walipo elki. Nimewapitisha miaka yote, bure, na sina ugomvi nao. Lakini huyu aliyepiga juu ya tuta bila kujua risasi yake inakwenda wapi, huyo bunduki yake haikanyagi shamba langu. Kama pangekuwa na mtu anakoga hapa?"

Berit aliyatazama matope yale na ng'ombe wake, akaona bora asiulize nani angekoga.

Kule uwanjani kesi ilikuwa imeshahukumiwa bila yeye. Lyle Hammersmark, mwenyekiti wa klabu na mwenye duka la matrekta, alimlaki kabla hajafunga mlango wa gari. Alikuwa pande la mtu, na kizibao chake cha rangi ya chungwa kilikuwa kimekataa kufungwa vifungo tumboni.

"Meza namba tano," alisema Lyle kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Alikaa Corinne. Sajini, mimi simchukii. Mama mzuri, mpishi mzuri. Lakini umeiona bunduki yake? Kitako cha plastiki, na darubini imo ndani ya boksi lile lile, kama soksi za ofa. Ile haipigi. Ile inapiga chafya."

"Ulimwona akipiga juu ya tuta?"

"Kuona si lazima. Tazama karatasi yake kwenye darubini ya klabu. Risasi ziko chini kabisa, kwenye weupe, na yeye alilenga katikati kwenye duara jeusi."

"Zote chini?"

"Zote."

"Na tangi liko juu."

Lyle alivuta kizibao chake. "Ndiyo maana ya bei rahisi, Sajini. Huwezi kujua."

Watu waliokuwa karibu waliitikia kwa vichwa. Berit alijua kwa nini. Mtu akishampata mwizi hatafuti mwingine, hasa mwizi akiwa na bunduki ya plastiki na yeye ana haraka ya kwenda kufunga mizigo.

"Na wewe ulikaa wapi?"

"Meza ya sita, jirani yake." Uso wa Lyle ulifunguka. Alimshika Berit kiwiko, akampeleka kwenye bunduki ya mti wa jozi iliyolala juu ya vifuko vya mchanga, na juu yake darubini nene, nyeusi, ndefu kuliko ilivyohitajika. "Imefika juzi. Inakuza mpaka unamwona inzi akinawa miguu."

"Ilikwendaje?"

"Mwanzoni ilipiga chini. Darubini mpya, lazima uifundishe adabu. Nikapiga ya kwanza, nikaona tundu chini kwenye weupe, nikazungusha kifundo cha juu ya darubini ili risasi ipande. Nikapiga ya pili, chini pale pale. Nikasema, ala, wewe ni mkaidi? Nikakizungusha mzunguko mzima. Ya tatu hata sijaitazama sawasawa, Verna huyo anakuja kwa honi kama msafara wa harusi, tukasimamisha kila kitu."

"Hayo matundu ya chini, uliyaona kwa macho yako?"

"Kwa darubini ile?" Lyle alicheka kwa huruma. "Sajini, niliona mpaka nyuzi za karatasi."

"Na hujateremka kuitazama karatasi yako."

"Nani aliteremka? Tangu saa nne tunabishana hapa."

Berit alimshukuru, akaenda kwa mshtakiwa.

Corinne Vukovich, mpishi wa shule, alikuwa amekaa nyuma ya gari lake lililo wazi, pembeni ya sufuria kubwa ya chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, aliyoipikia klabu nzima. Watu walikuwa wamekula sana asubuhi, lakini tangu jina lake litajwe hakuna aliyethubutu kurudia, na mwenyewe alikuwa hajala kabisa. Alikuwa mjane kwa mwaka wa tatu sasa, na watoto wawili nyumbani. Kila mwaka huingia kwenye bahati nasibu ya leseni za elki wa mgongo ule, na mwaka huu ndio jina lake lilitoka.

"Bwana nyamapori, yule wa leseni za kuwinda, amekupigia?" aliuliza.

"Amepiga. Nikiandika kwamba ni wewe kwa uzembe, leseni inasimamishwa."

"Msimu wote?"

"Msimu wote."

Corinne aliitazama mikono yake. "Friza nimeisafisha jana. Nimeiosha, nikaikausha, nikaweka karatasi mpya chini. Kama mtu anayengoja mgeni." Akaifunika sufuria. "Siogopi polisi, Sajini, usinielewe vibaya. Naogopa kurudi nyumbani leo na kuwaambia."

Berit alikimbilia kwenye kazi yake. "Ulipiga mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukagusa kifundo?"

"Sijagusa. Marehemu mume wangu Pete ndivyo alivyonifundisha. Piga tatu kwanza, ndipo uguse. Moja inaweza kukudanganya, lakini tatu haziwezi kula njama. Zote zilikwenda chini, niliziona kwa darubini ya mkono. Nilikuwa nataka kurekebisha ndipo Verna akafika."

"Wakati unapiga, jirani yako alikuwa anapiga?"

"Lyle? Tulikuwa tunapiga kama tumeambizana. Nikipiga na yeye anapiga, mpaka nikadhani ananitania."

Berit alisimama akipangusa suruali. Moyoni alihisi kitu kama kicheko kinataka kutoka, akakizuia, maana polisi haruhusiwi kucheka kabla ya ushahidi.

Aliagiza bunduki zote zitolewe makomeo ili zisiweze kupiga, zilazwe mezani, bendera nyekundu ipandishwe, na mtu yeyote asiguse hata kifuko cha mchanga. Kisha akateremka kwenda kwenye shabaha. Verna alimfuata bila kualikwa.

Kwenye karatasi namba tano, chini kwenye weupe, palikuwa na matundu matatu yaliyokaa karibu karibu. Kifuniko cha kikombe cha kahawa kingeyafunika yote.

"Hee," alisema Verna. "Kwa bunduki inayopiga chafya, huyu mama anapiga."

"Anapiga. Lakini mtu aliyepiga tatu anaacha matundu mangapi?"

"Unanifanya mtoto wa shule?"

Berit aling'oa pini, akaibandua karatasi na kuiinua mbele ya jua. Katikati kabisa ya duara jeusi, mahali ambapo tundu jeusi juu ya rangi nyeusi halionekani na mtu aliye mbali, mwanga ulipenya. Tundu la nne. Berit akaangalia juu zaidi, kwenye ubao wa mlalo wa kiunzi kile, akapitisha kidole. Ubao ulikuwa na tundu jipya, vibanzi vyake bado vyeupe.

"Katikati, kisha juu kwenye ubao," alisema. "Na juu zaidi?"

Verna aligeuka, akafuata kwa macho pengo la tuta, akapanda nalo kilimani mpaka kwenye tangi lake.

Berit alisogea kwenye karatasi namba sita. Ilikuwa safi. Hapakuwa na tundu hata moja, ungeweza kuandika barua ya posa juu yake.

"Nani alikuwa hapa?" aliuliza Verna.

"Lyle. Amepiga mara tatu, na ameona matundu mpaka nyuzi za karatasi."

Mabega ya Verna yalianza kutikisika.

"Utacheka baadaye," alisema Berit. "Kwanza tuhakikishe." Akairudisha karatasi ya tano mahali pake, akavua kofia yake ya rangi ya chungwa na kuitundika kwenye pini, katikati ya karatasi namba sita.

Waliporudi mezani, watu walikuwa wamejipanga nyuma kama wanaongoja matokeo ya mtihani. Berit alimwomba Lyle akae kwenye meza yake, bunduki ikiwa bila komeo, aegemeze kitako begani kama asubuhi, na asiguse kitu.

"Lenga karatasi yako."

"Nimelenga."

"Unaona nini?"

"Karatasi. Duara jeusi. Matundu yangu yale pale chini, nilikwambia. Yamekaa vizuri pia, yote pamoja." Sauti ya Lyle ilikuwa na fahari.

"Kofia yangu unaionaje?"

"Kofia gani?"

Mtu mmoja nyuma aliguna. Mwingine, aliyekuwa ameona kwa macho matupu kofia ya chungwa inavyowaka kwenye namba sita, alifunika mdomo kwa mkono.

"Nimeitundika kwenye karatasi yako, Lyle."

"Hakuna kofia hapa, Sajini."

"Punguza ukuzaji. Usihamishe bunduki, zungusha pete tu, taratibu."

Lyle alizungusha. Ndani ya darubini yake, dunia iliyokuwa karatasi moja ikaanza kupanuka. Berit hakuona alichokiona, ila aliiona shingo yake. Kwanza ilikuwa ya kawaida, kisha ikawa nyekundu, kisha rangi ikapanda mpaka masikioni.

"Namba ngapi hiyo, Lyle?"

Lyle alizungusha pete tena kidogo.

"Tano," alisema Lyle.

Berit aliwageukia watu na kueleza, maana ndiyo kazi, na maana alikuwa anaifurahia. Meza ya sita imekaa upande kidogo, na darubini ile inakuza mno, haimwachii mtu nafasi ya kuona namba. Lyle alilenga karatasi ya jirani akidhani ni yake. Risasi yake ya kwanza ilipiga katikati, ikajificha kwenye weusi, na tundu aliloliona chini lilikuwa la Corinne. Akapandisha. Ya pili ikagonga ubao juu ya karatasi, naye akaona tundu lingine la Corinne pale pale chini. Akapandisha tena, mzunguko mzima, na ya tatu ikapita kwenye pengo ikaenda kunywa maji kwa Verna. Asubuhi nzima mwenyekiti alikuwa anairekebisha bunduki ya dola elfu kadhaa kwa matundu ya bunduki ya plastiki.

"Angepiga tatu kabla ya kugusa," alisema Berit, "angekuwa na karatasi nzuri kuliko zote hapa."

Lyle aliinua kichwa. "Hiyo ya katikati ni yangu kweli?"

"Ni yako. Darubini yako haikuwa na kosa lolote."

"Katikati kabisa?"

"Katikati kabisa. Kwenye karatasi ya mwenzio."

Hapo ndipo watu waliposhindwa. Walicheka mpaka wengine wakashikilia meza, na Verna aliyekuwa ameambiwa asubiri alicheka kuliko wote, akijipiga mapaja na kusema nyani haoni kundule, Lyle Hammersmark, haoni hata ukimpa darubini. Hata Lyle mwenyewe, aliyekuwa ameanza kwa uso wa mtu aliyekanyaga msumari, akaishia kutikisika tumbo.

Kisha akavua kofia, na kicheko kikapungua. Alimwendea Corinne pale garini.

"Nimekutukana mbele za watu," alisema. "Basi msamaha nao nauomba mbele za watu. Wewe na bunduki yako."

"Nimekuchukia tangu saa nne, Lyle," alisema Corinne. "Niachie nipige kwanza, halafu nitaona kama bado."

Alikaa kwenye meza ya tano. Alikipandisha kifundo chake tik baada ya tik, akihesabu kwa midomo, akarudisha komeo, akangoja uwanja utangazwe wazi. Alipiga ya kwanza, akaiacha bunduki ipoe. Alipiga ya pili na ya tatu bila kugusa kitu katikati, kisha akainua mkono. Berit ndiye aliyeweka jicho kwenye darubini ya klabu. Matundu matatu yalikuwa yamekumbatiana vidole viwili juu ya katikati, mahali wanapopapenda watu wa huko kwa mnyama aliye mbali.

"Imesawazika," alisema kwa furaha. Akatoa simu na kumpigia bwana nyamapori hapo hapo, kwa sauti kubwa, ili watu wote wasikie kwamba leseni ya Corinne Vukovich haina doa.

Corinne aliweka paji la uso juu ya kitako cha plastiki na kulia kidogo. Hakujificha. Kisha akajipangusa na kuuliza kama chili imepoa, na foleni ikajipanga mbele ya sufuria, watu wazima na bakuli zao, kila mmoja akiwa na neno zuri la ghafla kuhusu bunduki za bei rahisi.

Verna alingoja Lyle ale. Alikuwa mkali lakini hakuwa katili.

"Nilisema aliyepiga juu ya tuta, bunduki yake haikanyagi shamba langu."

"Nilikusikia asubuhi, ulipokuja na honi." Lyle aliweka bakuli chini. "Nilipodhani ni Corinne nilikuunga mkono, siwezi kukugeuka leo." Alijaribu kutabasamu, lakini mgongo ule alikuwa ameuwinda tangu akiwa na kaptula, kwanza na baba yake na baadaye na wanawe, na macho yalimsaliti. Watu waliangalia bakuli zao.

"Jioni hii unawanywesha ng'ombe wangu kwa ndoo. Keshokutwa unaleta mashine ya kuchomea unaziba tundu."

"Sawa."

"Na nimesema bunduki," alisema Verna. "Bunduki ndiyo haipiti. Sikutaja nyumbu wako wa kubebea mizigo. Una nyumbu wawili wazuri kuliko wote bondeni, na mnyama wa kilo mia mbili na zaidi hashuki mlimani akishakufa. Huyu mama atambebaje, kwa mfuko wa shule?"

Lyle alimtazama Verna, kisha polepole akamgeukia Corinne. Alikuwa mkubwa, na wakati ule alionekana kama anaomba kazi kwa mara ya kwanza.

"Kama utanikubali," alisema.

Corinne alikuwa anamkwangulia Berit chili ya mwisho kwenye sufuria.

"Nyumbu wako wanaogopa mlio?"

"Hata kidogo."

"Na wewe, unajua kunyamaza?"

Watu walianza kucheka tena. Lyle alingoja wamalize. "Nitajifunza usiku huu."

Corinne alimpa Berit bakuli, akauweka upawa chini, akamtazama Lyle usoni kwa mara ya kwanza tangu saa nne.

"Saa kumi alfajiri, getini kwa Verna," alisema. "Lete kamba ndefu."